Spiriti haioshi brashi

Jamani, spiriti haioshi. Inaua vijidudu, tena kwa masharti yake, lakini kuosha haioshi. Nimelisema hili saluni, nimelisema kwenye meseji za sauti, nimelisema kwa bibi harusi akiwa amefumba macho nampaka wanja, na bado kila msimu wa harusi lazima atokee mtu mwenye brashi zilizojaa faundesheni mpaka shinani, anitazame usoni na kusema: "Hizi safi dada, nikimaliza tu huwa nazipuliza spiriti." Safari hii kasema binti aliyekuja kwangu kujifunza upambaji, na wateja wanamsikia. Basi leo naandika, ili mwingine akiniuliza nimtumie linki tu.

Huna haja ya kuniamini mimi. Chukua brashi yako ya faundesheni, ipulize spiriti kadiri roho yako inavyopenda, ngoja ikauke, kisha isugue kwenye tishu nyeupe. Tishu itachafuka. Sasa bana nywele kwa kucha mbili pale chini zinapoingia kwenye ile pete ya bati, uvute taratibu kuelekea nchani. Utaona ujiuji mzito wa rangi ya karanga unatoka, mwingine umeshakuwa mkavu kama ukoko, wa juzi juu ya wa mwezi jana. Spiriti ilipita juu ya hayo yote, ikakauka, ikaenda zake. Ni sawa na kujipulizia manukato bila kuoga.

Ili spiriti imuue bakteria, lazima imguse, na ikae naye japo nusu dakika hadi dakika nzima ikiwa bado mbichi. Huyo bakteria wako amejichimbia ndani ya mafuta, silikoni, nta, poda, jasho na ngozi iliyokufa. Spiriti inaishia juu. Na hata kama ingewaua wote, chakula chao umekiacha palepale, kesho wanakuja wengine wanakuta meza imeandaliwa. Ndiyo maana mpangilio haubadiliki: uchafu utoke kwanza kwa sabuni na maji, brashi ikauke, ndipo spiriti ije kama unaihitaji. Kwa brashi ya mtu mmoja mwenye afya yake, mimi naona haihitajiki kila mara. Sabuni nzuri na kukausha vizuri vinamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Tena mkienda duka la dawa mnachagua ile kali kuliko zote, ya asilimia 99, mnadhani ndiyo kiboko. Chukua ya 70. Yale maji yaliyochanganywa humo si ya kukupunja. Ndiyo yanayoisaidia spiriti kupenya na kuharibu protini za kijidudu, na ndiyo yanayoifanya isikauke haraka. Ile kali mno inakauka kabla haijafanya lolote, na ukiizoesha kwenye brashi za nywele halisi zinakuwa kama ufagio.

Najua imani hii imeanzia wapi. Imeanzia kwetu wapambaji. Siku ya harusi anakaa bibi harusi, kisha mama yake, kisha mawifi watatu wanaogombania nani atangulie, na muda wa kwenda bombani haupo. Kwa hiyo tunaifuta brashi kwenye taulo au tishu, tunapuliza, tunafuta tena, mpaka tishu itoke haina rangi. Mteja anaiona chupa tu. Kule kufuta, ambako ndiko kusafisha kwenyewe, hakuoni. Wala haoni kwamba usiku, miguu imevimba na kila mtu yuko ukumbini anacheza, brashi zote zinaingia kwenye beseni la sabuni. Ile ya kupuliza ni ya kuvukia tu kati ya uso na uso. Wewe uko nyumbani, uso ni mmoja, bomba liko pale. Dharura yako ni ipi?

"Lakini dada, mimi natumia peke yangu." Haya. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vipodozi 467 vilivyokwisha kutumika, walivyopewa na watumiaji wenyewe: lipstiki, maskara, wanja, sponji. Bidhaa nane hadi tisa hivi kati ya kila kumi zilikuwa na bakteria, na wengine ni wale ambao hutaki kusikia wakitajwa jirani na mdomo wako, kama E. coli, ambaye makazi yake ni matumboni. Sponji ndizo zilizoongoza kwa uchafu. Asilimia 93 ya hizo hazijawahi kuoshwa hata mara moja, na asilimia 64 ziliwahi kuanguka sakafuni zikaokotwa na kuendelea na kazi. Kwa hiyo kutumia peke yako hakusaidii kitu kama kipochi chako kinalala chooni, juu ya tangi la kuflashi.

Hapa niseme jambo ambalo wauza sabuni za brashi hawatalipenda. Sina uhakika kwamba chunusi zako zimetoka kwenye brashi. Bakteria anayehusishwa na chunusi anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata ya yule mwenye uso kama kioo, na kuna homoni, kuna urithi, kuna mafuta mazito mnayopaka usiku mkisikia yanang'arisha. Nimeona wenye brashi za kutisha wana ngozi safi, nimeona wasafi kupindukia wanahangaika na chunusi miaka. Brashi chafu inaweza kuchokoza ngozi ambayo tayari ina shida, na inaweza kubeba maambukizi ya macho na majipu. Hilo nalisema bila wasiwasi. Zaidi ya hapo sitakuahidi kitu.

Sasa sabuni. Sabuni ya kipande mnayofulia ina tatizo, na kwa sisi wa Dar tatizo ni mara mbili, kwa sababu ya maji. Wengi tunategemea visima, na kisima cha mjini mara nyingi ni maji ya chumvi, yamejaa madini. Sabuni ya kipande ikikutana na madini ya kalsiamu na magnesiamu haitoi povu. Inatengeneza utando mweupe unaonata, uleule unaouona pembeni mwa beseni baada ya kufua. Utando huo unakaa ndani ya brashi. Mtu anaosha, anasuuza, anaanika, kesho brashi imekakamaa na inaacha mistari usoni, ananipigia kulalamika kwamba kauziwa brashi feki Kariakoo. Pengine kweli ni feki, lakini kwanza tuangalie maji. Shampuu ya watoto au tone la sabuni ya maji ya vyombo haitengenezi utando huo, hata kwenye maji magumu. Osha kwa maji ya kisima ukitaka, ila suuzo la mwisho tumia ya bomba, au ya mvua kama ni masika na una ndoo nje. Maji ya mvua hayana madini hayo, ni mazuri ajabu kwa kazi hii.

Kama faundesheni yako ni ile ya "haitoki hata ukilia", shampuu peke yake itakutesa. Anza na mafuta. Matone machache ya mafuta ya nazi kwenye kiganja, zungusha brashi kavu humo mpaka rangi ianze kuyeyuka, ndipo uweke sabuni ya vyombo ukiwa bado hujagusa maji. Mafuta yanayeyusha kilichogandana, sabuni inabeba yote mawili. Ukiishia kwenye mafuta umeongeza uchafu, na chunusi hizo sasa ninaweza kuzikubali.

Brashi za poda ni rahisi, povu kidogo, suuza, basi.

Nitakapochukua muda ni kwenye ile pete ya bati, maana hapo ndipo brashi nyingi zinafia. Nywele hazikuota pale. Zimefungwa fungu, zikashikizwa kwa gundi ndani ya pete, na mpini ukachomekwa upande wa pili, mara nyingi mti uliopakwa rangi. Mtu anachukua brashi zake kumi na mbili, anazitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto, vichwa na mipini, anaenda kupika. Akirudi maji yameingia kwenye pete. Gundi imelainika, mti umevimba, rangi ya mpini inaanza kupasuka. Mti ukikauka unasinyaa, pete inalegea, na mwezi ujao unatoa nywele za brashi kwenye kope za dada yako dakika kumi kabla ya send-off. Maji yawe ya uvuguvugu tu, na brashi ielekezwe chini muda wote, maji yatiririke kutoka kwenye pete kwenda nchani. Zungusha kwenye kiganja, kamua kwa vidole, rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Huwa ni mara tatu au nne kwa brashi ya faundesheni, si moja. Maji yanayochemka hayasafishi zaidi, yanaua brashi.

Na kukausha ni hivyohivyo. Usiisimamishe kwenye kikombe kama maua, maana maji yote yanashuka kwenye gundi. Kamua kwa taulo, rudishia umbo kwa vidole, ilaze ukingoni mwa meza kichwa kikining'inia hewani, kivulini penye upepo. Najua mtaniuliza kuhusu jua, kwa sababu sisi tumelelewa na jua, magodoro na mito yote tumeanika. Jua linasaidia juu juu, halifiki katikati ya brashi nene, na likizidi linaharibu nywele na gundi. Kivuli na feni.

Jiki acha chooni. Inakula nywele halisi, maana nywele ni protini, na inachakaza sponji. Dettol nayo ikibaki ndani itakuwasha uso. Limau na siki mnazoziona mtandaoni zinaleta harufu ya kachumbari, basi.

Sponji ni mateso mengine, na nakiri sizipendi ingawa nazitumia kila siku kwa sababu hakuna kinachomalizia faundesheni kama sponji mbichi. Tatizo ni hilo hilo la ubichi. Imejaa vishimo mpaka ndani, inanyonya maji, inanyonya faundesheni, kisha tunaifunga kwenye kipochi cha plastiki katika joto la Dar es Salaam. Ukungu ungeomba nini zaidi? Iloweshe, ipake sabuni ya vyombo au kipande laini kama maji yako si ya chumvi, ibonyeze na kuiachia kiganjani, usiisokote wala kuichana kwa kucha. Suuza mpaka ukiibonyeza isitoe povu. Kisha iache wazi, isikae kwenye kopo wala kipochi, mpaka iwe kavu na nyepesi kabisa. Wakati wa masika inaweza kuchukua siku nzima na zaidi, kwa hiyo uwe nazo mbili za kupokezana. Na msiziweke kwenye maikrowevu kwa sababu ya video fulani. Zinaweza kuwaka, na ukizishika zinakuunguza vidole.

Alama za rangi zikibaki usihangaike, doa si uchafu lazima. Vidoti vyeusi ndani ni kitu kingine. Hiyo ni kuvu, na kuvu ya ndani haioshwi, wala spiriti haitaifuata huko. Tupa. Vitabu vinasema badilisha kila miezi mitatu. Mimi nimetupa nyingine baada ya wiki tatu na nimekaa na nyingine zaidi ya miezi hiyo. Naitazama, naipasua moja ya zamani katikati kwa wembe ili nione ndani pakoje, halafu naamua. Jaribu kuipasua ya kwako. Hutahitaji tena mimi nikuhimize.

Mara ngapi? Sponji kila ukitumia, na hapo sina mjadala. Brashi za vitu vya majimaji kila wiki. Za poda kila wiki mbili au zaidi, na ukinikuta nyumbani kwangu mwenyewe usiihesabu ile ya blasha.

La mwisho ni macho, maana hapa spiriti inawaangusha kabisa. Januari 2024 macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, watu walinitumia picha za chupa za maskara wakiuliza wazipulize kiasi gani. Virusi vya adeno, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya ugonjwa huo, havina lile ganda la mafuta ambalo spiriti hulivunja kwa urahisi, kwa hiyo si vya kuaminia mpulizo wa haraka. Na maskara ni chupa yenye giza na unyevu ambayo haina pa kuoshea. Ukiugua macho, maskara uliyoitumia inakwenda kwenye pipa, hata kama uliinunua jana. Wanja wa maji, vilevile. Wanja wa penseli nao utupe. Kope za kubandika ulizovaa siku hizo usizirudishe kwenye kiboksi chake.