Kwani mvua ya Kakamega yatoka wapi?

Hapa Mombasa ukishapita Mazeras kote ni "bara", mtu wa Voi ni wa bara, wa Busia naye wa bara. Mimi nasomesha jiografia na hilo neno lanichosha wallahi, manake huko magharibi, Kakamega na jirani zake, hata mvua yao haifanani na ya Nairobi.

Anza na ziwa lenyewe. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari, yaani wewe uko Likoni wangoja feri, lile ziwa liko juu ya kichwa chako kilomita nzima na zaidi. Reli iliyoanza hapa 1896 ilibidi ipande mpaka Mau, mita 2,500 na kitu, ndo ishuke Kisumu 1901. Na Kisumu wakati huo bado ilikuwa Uganda, imehamishiwa upande wetu 1902, kwa hiyo walioiita Reli ya Uganda hawakukosea.

Haya, mvua. Wavuvi wetu wajua mchana upepo watoka baharini, alfajiri wageuka, umande watoka nchi kavu. Sasa ziwa la kilomita za mraba 68,000 hivi nalo lafanya mchezo huohuo. Mchana nchi kavu yapata moto, upepo wa ziwa waingia na unyevu wake ukielekea mashariki, wakutana na upepo unaotoka huku kwetu, palepale kwenye milima ya Nandi, Kericho na Kisii, na zikigongana hazina pa kwenda ila juu. Wingu larefuka, alasiri radi. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe sana duniani, waulize wenye majani chai.

Nilikuwa Kakamega mwaka mmoja, nimefua, jua kali, saa nane mama mwenye nyumba aniambia "mwalimu, anua nguo". Natazama juu, sioni kitu. Nusu saa haikuisha mabati yalikuwa yapiga kelele hatusikizani.

Usiku upepo washuka kutoka milimani, mvua yahamia ziwani, na ndo saa wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wako majini na taa zao. Ukinunua omena sokoni Kongowea kumbuka hilo kabla hujaanza kuomba upunguziwe.

Watu nao wamefuata mvua. Vihiga, sensa ya 2019, zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita ya mraba, na hakuna jiji pale, ni vijiji tu! Shamba la babu lagawiwa wana, wana wagawia wao, mpaka imebaki mistari ya mahindi, migomba, na ng'ombe mmoja kafungwa kamba. Ndo wengine ukawakuta hapa Mombasa, Changamwe.

Kinachoshangaza ni walio ufuoni kabisa. Mbita, Bondo, nchi kavu kiasi, unyevu wapita juu yao kwenda kunyeshea wa milimani. Hayo maji huwarudia kwa chini, kwa mito. Nzoia yatoka Cherangani na Elgon, yateremka, ikifika Budalangi, karibu na ziwa, ardhi ni sawa kama meza, mto wamwagika. Mvua imenyesha huko juu juzi, Budalangi jua lawaka, na watu wahamisha magodoro.