Tumaini la Kikristo: maana yake hasa

Tukisema "natumaini mambo yatakuwa mazuri", tunataja tunachokitamani, na ndani yake mna shaka. Tukisema "namtumaini Mungu", kuna tunayemwegemea. Tumaini la Kikristo ni hili la pili. Swali lake kubwa ni nani anayetegemewa, hata pale ambapo hakuna dalili ya mambo kugeuka.

Ndiyo maana halimkatazi mtu kulia. Huwa naumia nikisikia mfiwa akiambiwa anyamaze eti kwa kuwa ana imani, kwani Biblia yenyewe imejaa vilio. Zaburi ya 88 huanza kwa kumwita Mungu usiku na mchana na kuishia gizani, bila mstari wowote wa faraja mwishoni. Ila hata huyo mwenye zaburi anamlilia Mungu, na mtu hamlilii asiyemtegemea kabisa.

Kuna mstari unaopendwa sana, Yeremia 29:11, unaosema Mungu anawawazia watu wake mema na kuwapa tumaini. Wengi huusoma kama ahadi ya mafanikio ya karibuni. Lakini ulikuwa ndani ya barua ya nabii Yeremia kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unataja miaka 70. Wazee walioisikia barua ile wangefia ugenini. Kabla ya hapo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa huko huko. Kutumaini kwao kulikuwa na jembe mkononi.

Kwa Mkristo, msingi wa yote haya ni ufufuo wa Yesu. Petro anasema kwa ufufuo huo tunapata "tumaini lenye uzima", na Paulo anakiri wazi katika 1 Wakorintho 15 kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Ufufuo haukulifuta kaburi. Yesu alikufa kweli, akazikwa, na wanafunzi wake wakaikaa Jumamosi ile bila kujua kesho yake ingeleta nini. Anayepita katika giza leo anaweza kujiona katika siku hiyo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Yeremia tena, sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, naye amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba lililoko Anathothi. Nani hununua ardhi wakati adui yuko mlangoni? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza mwandishi wake Baruki aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi, kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hiyo. Baadaye mji ukateketezwa, na Yeremia akachukuliwa hadi Misri. Biblia haisimulii popote kwamba aliwahi kulilima shamba lile.