Je, wajua kwa nini injini ya plazma hupumua?

Chombo cha NASA kiitwacho Psyche, kilichorushwa tarehe 13 Oktoba 2023 kuifuata asteroidi yenye jina hilohilo, kinasukumwa na injini za aina ya Hall, zinazotumia plazma, yaani gesi iliyojaa chembe zenye chaji ya umeme. Kwenye picha za majaribio, injini hizo hutoa mwanga wa buluu uliotulia tuli. Macho yanadanganyika. Ndani yake mkondo wa umeme hupanda na kushuka, kwa kawaida mara 10,000 hadi 30,000 kwa sekunde. Wahandisi husema injini inapumua.

Gesi ya zenoni huingizwa kidogo kidogo kwenye mfereji wenye umbo la pete. Humo sumaku huzizungusha elektroni, zisikimbilie moja kwa moja upande wa chaji chanya. Elektroni zikigonga atomi za zenoni, huzibandua elektroni zake na kuziacha zikiwa ioni. Ioni ni nzito mno kwa sumaku hiyo kuzizuia, kwa hiyo nguvu ya umeme huzifyatua nje kwa takriban kilomita 20 kwa sekunde, na chombo husukumwa upande wa pili.

Atomi za gesi mpya, kwa upande wao, hujikokota kwa mita mia chache tu kwa sekunde. Hapo ndipo penye siri yote. Plazma ikikolea, hula gesi upesi kuliko inavyoletwa. Gesi ikiadimika, ioni hupungua na mkondo hushuka. Mfereji hujaa gesi tena, elektroni zilizobaki huivamia, mkondo ukapanda. Ni hesabu ya simba na swala: simba wakizidi swala huisha, simba wakifa njaa swala huzaana. Wanafizikia wamezitumia kwelikweli hesabu za mwindaji na mawindo kulieleza jambo hili, nami naona ni uzuri mkubwa wa sayansi.

Kupumua kwa kiasi hakuna neno. Kukizidi, mitambo ya kuipa injini umeme huelemewa, na plazma yaweza hata kuzimika. Tiba mojawapo ni kurekebisha nguvu ya sumaku.

Ugumu uko kwenye majaribio ya duniani. Hakuna pampu inayoweza kukiondolea chumba cha majaribio gesi yote. Inayobaki hurudi mferejini na kubadili jinsi injini inavyopumua. Ndiyo maana wahandisi hurudia vipimo kwa viwango tofauti vya gesi chumbani, kisha hukadiria injini itakavyokuwa kwenye ombwe la anga.