Je, wajua kwa nini lehemu nyingi, yaani kolesteroli, aina ya mafuta ya damu, hudhoofisha nguvu za kiume?

Katika stendi ya mabasi ya Moshi si ajabu kumsikia mchuuzi akinadi vumbi la Kongo kwa wanaume waliopungukiwa nguvu, lakini ni nadra kusikia mteja akishauriwa akapime kwanza mafuta ya damu, ingawa huenda chanzo kimo humo.

Uume husimama kwa damu. Mwanaume anapopata ashiki, mishipa ya fahamu pamoja na utando mwembamba uliomo ndani ya mishipa ya damu hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya kuta za ateri. Ateri zikatanuka, damu ikajaa katika nyama laini zilizo kama sifongo, na vena za kuitoa zikabanwa. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Lehemu mbaya, ile ambayo maabara huiandika LDL, ikizidi kwa miaka mingi hupenya chini ya utando huo na kuujeruhi, hata gesi ikapungua. Hapo mshipa haujaziba bado, ila umekuwa mkaidi, hautanuki unapotakiwa. Ukoko wa mafuta unaoipunguzia damu njia hufuata baadaye. Tusiisingizie nyama choma peke yake: sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini, na wembamba wa mtu si ushahidi kwamba damu yake iko salama.

Kwa nini basi uume hulalamika kabla ya moyo? Mkulima wa Kibosho anayengoja zamu ya maji analijua jambo hili: mfongo mkuu, yaani mfereji wa maji, unaweza kupitisha maji vizuri ilhali kijitawi kinachoingia kihambani kwake kimekwishajaa tope. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4. Ndiyo maana tatizo hili huweza kutangulia maumivu ya moyo kwa miaka kadhaa, na daktari makini akilisikia huuliza habari za presha, sukari na sigara, kisha huagiza kipimo cha mafuta.

Vidonge vya sildenafil (Viagra), vya kusaidia uume kusimama, havitengenezi oksidi ya nitriki. Hurefusha tu kazi yake, kwa hiyo utando ukichakaa navyo hufifia. Vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, huweza kushusha presha hata mtu akafa. Kidonge walau kina maandishi kwenye pakiti. Vumbi la stendi huuzwa likiwa limefungwa katika karatasi tupu.