Je, wajua kwa nini pikapu za dizeli hufungwa mkonga?

Simama kando ya barabara ya vumbi inayotoka Ngorongoro kwenda Naabi, Serengeti, utazame Land Cruiser zinazopita. Nyingi zina bomba jeusi linalochomoza kwenye fenda, likapanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Wengi tunauita mkonga, kwa kuwa unafanana kweli na wa tembo. Ukiuliza kazi yake utajibiwa papo hapo kwamba ni wa kuvukia mito. Si uongo, ila mto unavuka mara mojamoja, na vumbi unalila kiangazi kizima.

Tuanze na kiasi cha hewa. Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo (feni inayoisindilia injini hewa) iliyobeba pikapu hizi kwa miaka mingi, hujaza silinda zake zote hewa kila inapozunguka mara 2. Ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, inameza karibu lita 4,000 za hewa kila dakika, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Na lita 1 tu ya dizeli, ili iungue sawasawa, inataka hewa isiyopungua lita 10,000 hivi.

Injini ya petroli ina kipepeo, yaani kibati kwenye njia ya hewa, kinachobana hewa unapoachia mafuta. Ya dizeli kwa kawaida huvuta hewa yote inayoweza kupata, na nguvu inaamuliwa na kiasi cha dizeli kinachoingizwa na pampu. Ndiyo maana hewa ikipungua unaona moshi mweusi mlimani: dizeli imeingia, hewa ya kuiunguza haikutosha. Na ndiyo maana kuiongezea 1HZ hewa bila kugusa pampu kunasafisha moshi lakini hakuigeuzi gari la mashindano. Anayekuahidi nguvu nyingi za farasi kwa kubadilisha filta ya hewa peke yake anakuuzia maneno.

Halafu kuna joto. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 30 hadi 60 hutanuka, na ujazo uleule unabaki na hewa pungufu kwa karibu asilimia 9. Filta ya wazi iliyofungwa ndani ya boneti, karibu na injini, inavuta hewa hiyo ya moto. Mkonga unachota ya nje. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Hilo mkonga hauliwezi, ni kazi ya turbo. Lakini mahali penye upungufu hivyo, kuipa injini hewa ya moto ni kuionea.

Sasa vumbi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Zikichanganyika na oili kwenye kuta za silinda zinakuwa msasa. Ringi zinalika, mgandamizo unashuka, gari linaanza kula oili na asubuhi haliwaki kwa urahisi. Chembe nzito nyingi zinazotimuliwa na matairi ya gari la mbele hubaki chini, ndiyo sababu mdomo wa mkonga ukapandishwa hadi paani. Wengine huweka juu yake bakuli linaloizungusha hewa, vumbi zito likatupwa pembeni kabla halijafika kwenye filta.

Pikapu niliyokuwa naitumia ilifungwa mkonga mpya, unang'aa. Miezi michache baadaye nikafungua hosi iliyo kati ya boksi la filta na injini, nikapitisha kidole ndani. Kikatoka na unga mwekundu, udongo wa Karatu mtupu. Klempu moja ilikuwa imelegea, hewa inaingia hapo bila kupita kwenye filta. Kiungio cha mkonga ndani ya fenda nacho hakikupakwa gundi ya kuziba, kwa hiyo mtoni maji yangepenya palepale chini. Na maji hayabanwi. Injini inayobana hewa mara 22 ikikutana nayo inapinda konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Tangu hapo kidole ndicho kipimo changu. Ndani ya hosi hiyo panatakiwa pawe safi kabisa. Ukiona unga hata kidogo, tafuta klempu iliyolegea, ufa kwenye mpira, au filta isiyokaa vizuri kwenye boksi lake. Na filta ya karatasi usiipulize kompresa kutoka nje kwenda ndani, maana unalisukuma vumbi lipenye na unaweza kutoboa karatasi. Puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha mulika tochi ndani yake gizani. Mwanga ukitokeza kama nukta, hiyo filta imetoboka, nunua nyingine.