Tairi moja jipya linavyoweza kuua giaboksi ya gari la AWD

Mzee mmoja alileta Subaru Forester yake, gari la AWD, yaani linalovutwa na magurudumu yote manne, kwenye karakana yetu ya mafunzo. Kwenye barabara kuu ilikuwa inakimbia vizuri tu. Shida ilianza akitafuta maegesho: akikata usukani hadi mwisho, gari linashtuka-shtuka na kujikaza kama vile amesahau kushusha hendibreki. "Kijana wangu, giaboksi imekufa," akaniambia, hata shikamoo sijaimaliza. Gereji mbili zilikuwa zimeshamwambia hivyo, na moja ilikuwa imeshambadilishia oili.

Nililizunguka gari kabla ya kufungua boneti. Tairi la mbele kushoto lilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani. Matatu mengine yalikuwa yamebakiza kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokamata lami, za milimita 3 hivi. "Hilo lilipasuka, nikanunua jingine saizi ileile," akasema. Kweli, yote yaliandikwa 215/60R16. Ila namba ya ubavuni inaeleza tairi lilivyozaliwa. Haisemi limebaki na unene gani leo.

Tupige hesabu kidogo. Tairi jipya la saizi hiyo lina mzingo wa karibu milimita 2,087, na kina cha mifereji yake ni kama milimita 8. Likilika milimita 5, mzingo unapungua milimita 31. Kwa hiyo katika kilomita moja jipya linazunguka mara 479, na lililolika mara 486. Mizunguko saba, utasema, ni nini? Toka Dar mpaka Morogoro, kilomita kama 190, inakuwa zaidi ya 1,300, na kila mzunguko wa ziada lazima umezwe na kitu fulani ndani ya gari.

Kwenye gari linalovuta mbele tu, tofauti ya mbele na nyuma haimuumizi mtu, maana matairi ya nyuma yanafuata tu. Gari la AWD limeunganisha mbele na nyuma kwa shafti, na kati yao kuna kiungo. Kwenye Subaru nyingi za otomatiki za zamani ni klachi iliyo ndani ya giaboksi, ya sahani nyingi zinazobanwa kwa presha ya oili. Kwenye baadhi ya magari ya gia za mkono ni sahani zinazoogelea ndani ya oili nzito ya silikoni. Kiungo hicho kinafanya kazi kwa vipindi. Ukikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kiungo kinateleza kidogo kuiruhusu tofauti hiyo; barabara ikinyooka kinapumzika. Weka tairi moja kubwa kuliko wenzake, gari litakuwa kama liko kwenye kona kutwa nzima. Difu ya mbele, yaani gia zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kupishana mwendo, inazunguka bila kupumzika, kiungo cha kati nacho kinabeba nusu ya tofauti hiyo. Sahani zinasuguana, oili inachemka, na mwisho zinaanza kung'ang'aniana. Hapo hata kona ya kweli ikija hakuna kinachoteleza, ndipo gari linajikaza pale maegesho.

Kwenye vumbi na mchanga huwezi kuhisi chochote, kwa sababu tairi lenyewe linateleza ardhini na kutoa mkazo. Ndiyo maana wengine hukaa miezi bila kujua. Ukitaka kupima, tafuta lami kavu iliyo wazi, kata usukani wote na zunguka taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu.

Subaru wenyewe wanataka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa kina cha kashata hiyo ni milimita 1 tu. Jicho halioni milimita 1. Futi ya fundi cherehani nayo haitoshi, inaishia sentimita 150. Chukua kamba isiyovutika. Kwanza jaza upepo sawasawa kwa kiwango cha stika iliyo kwenye mlango wa dereva, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo nalo linazunguka kama dogo. Piga jeki, zungusha kamba katikati ya kashata, weka alama ya wino, kisha ihamishie kwenye tairi linalofuata. Alama zikiachana zaidi ya upana wa penseli, umepita mpaka.

Wenye Hilux na Land Cruiser nyingi za kuchomeka fowili kwa liva, hadithi yenu ni nyingine. Mkiwa H2, yaani mvuto wa nyuma tu, shafti ya mbele imeachiwa, tofauti ya mbele na nyuma haina neno. H4, yaani mvuto wa magurudumu yote manne, kwenye lami kavu ni kosa hata matairi yakiwa mapya yote.

Niongeze la masika, maana nalisikia kila mwaka: "Langu ni AWD, haliogopi maji." Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki nne, na kinachokamata lami ni kashata. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha, hata kama fundi pancha anasema bado lina mwezi.

Tairi moja likipasuka, fanya hivi. Kama mengine hayajalika hata milimita 1, nunua moja la kampuni ileile na mchoro uleule. Kama yamelika zaidi, nunua manne, au tafuta la mtumba linalolingana kwa kamba, ukiangalia na tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi la mtumba naliweka mwisho kabisa. Kama spea yako ni ya saizi kamili, iingize kwenye mzunguko kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yote matano yalike pamoja. Ukiwa na spea nyembamba, nenda nayo mpaka kwa fundi, usivuke kilomita 80 kwa saa. Baadhi ya Subaru za zamani za otomatiki zina tundu la fyuzi chini ya boneti lililoandikwa FWD, yaani mvuto wa mbele tu. Ukiwa umefunga spea hiyo nyembamba, chomeka fyuzi hapo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na mvuto wa nyuma utakatika kwa muda.

Mzee alinunua matatu yanayofanana na lile jipya. Kushtuka kulipungua wiki hiyohiyo, ila hakukuisha. Klachi ilikuwa imeshaungua kiasi. Sasa kwenye buti ana kamba ya katani yenye alama nne za wino wa bluu, na mwezi uliopita alikuja kuniazima jeki ampimie jirani yake.