Tela ya Shamba ya Kujitengenezea: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Msimu wa maembe unapofika katika mashamba ya Ganda, Msabaha na Jilore, kila mwenye pikapu kuukuu hutamani kuwa na tela, na kwa kuwa mafundi wa kuchomelea hawakosekani mjini Malindi, wengi huamua kujiundia yao. Ni uamuzi mzuri. Kinachonisikitisha ni kwamba tela nyingi huvunjika, na nyingine huhatarisha roho za watu, kwa mambo yaliyoaminiwa bila kupimwa.

Dhana iliyonigharimu mimi mwenyewe ni ile isemayo kwamba ekseli, yaani mtaimbo unaoshika magurudumu, yafaa ikae katikati kabisa ya kitanda cha kupakilia ili mzigo ujisawazishe. Tela yangu ya kwanza iliundwa hivyo. Siku moja, nikitokea Magarini, nilikuwa nimepanga kreti nzito za maembe upande wa nyuma, karibu na mlango, na nilipoanza kuteremkia daraja la Sabaki tela ikaanza kuyumba, ikiivuta pikapu kushoto na kulia, kila myumbo ukiuzidi uliotangulia, hadi nilipoondoa mguu kwenye mafuta na mwendo ukapungua wenyewe. Ukweli ni kwamba tela ya ekseli moja inayovutwa na gari hutulia pale asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote, pamoja na mzigo, inapoegemea kwenye kiungo cha mbele, pale tela inapofungwa kwenye gari. Kwa tela yenye kilo 800, hizo ni kilo 80 hadi 120. Kwa hiyo ekseli husogezwa nyuma kidogo ya katikati, na mzigo mzito hupangwa mbele yake. Kupima si kazi ngumu: weka tela iliyopakiwa mahali tambarare, kisha egemeza ncha ya mkono wake, yaani chuma cha mbele cha kuivutia, juu ya mizani ya magunia iliyoinuliwa hadi kimo cha kiungo cha gari, usome.

Wengine hudhani kwamba chuma kinene zaidi ndicho chenye nguvu zaidi. Seremala yeyote anajua kwamba ubao wa inchi 4 kwa 2 ukilazwa ubapa hunepa, ukisimamishwa wima hubeba, na chuma nacho kina tabia hiyohiyo: ukizidisha kimo chake mara mbili bila kubadili upana, uwezo wake wa kuhimili kupinda huongezeka mara nne, ilhali uzito umeongezeka mara mbili tu. Unene usio na mpango hula nafasi ya mzigo, kwa maana kikomo cha uzito unaobebwa na matairi na ekseli hakibadiliki.

Kikomo hicho husahauliwa sana, kana kwamba kitanda kikijaa ndipo mzigo umetosha. Kitanda cha mita 2.4 kwa 1.2, chenye kuta za sentimita 40, kikijazwa mchanga hubeba zaidi ya tani moja na nusu. Tangi la lita 1,000 za maji ni tani moja kabla ya kulihesabu tangi lenyewe.

Kuhusu kuchomelea, si kweli kwamba mshono mwingi ndio uimara. Mshono uliokatiza sehemu ya chini ya mkono, pale unapokutana na kitanda, huwa chanzo cha ufa, kwa kuwa hapo ndipo chuma kinavutika mno. Ni afadhali kuchomelea kwa kufuata urefu wa mkono huo. Wala rangi ya nje haitoshi huku pwani. Niliwahi kukata bomba la mraba lililong'aa kwa rangi, na ndani yake kukamwagika magamba ya kutu kiganja kizima, kwa sababu ncha zake zilikuwa wazi na hewa ya chumvi ikiingia. Ncha zizibwe kabisa.

Tena, katika njia zetu za mchanga, tairi lililojazwa upepo hadi kuwa gumu halipiti vizuri zaidi, bali huchimba. Punguza upepo kiasi unapokwenda taratibu mchangani, na uurudishe kabla ya kupanda lami, kwa kuwa tairi laini lenye mzigo hupata moto na kupasuka.